Gari Halitoki Mpaka Spana Zitimie

Alistaafu na miguu iliyovimba na tabia moja iliyokataa kustaafu: kuhesabu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, yule anayesimama karibu na daktari na kujua imeingia mikasi mingapi na imetoka mingapi. Mdogo wake wa kiume, mwenye gereji ya mafundi watatu nyuma ya duka la matairi, alimwomba aje kumsaidia kupokea wateja. Mafundi wakambandika jina la Sista, na si kwa heshima.

Wiki ya kwanza alitazama tu. Aliona spana zikilala mchangani, nati zikihifadhiwa mdomoni, fundi akiingia saa nne na mteja kakaa kitako tangu saa mbili. Wiki ya pili alileta ubao na rangi, akachora umbo la kila spana, akazitundika zote, kisha akatangaza kwamba hakuna boneti itakayofungwa kabla ubao haujajaa. Na atakayefika baada ya saa mbili atafagia uwanja mzima kwanza. Mafundi walicheka mpaka machozi yakawatoka. Aliwaacha wacheke. Kesho yake aliyechelewa alikabidhiwa ufagio.

Aliyecheka kuliko wote ni Masikio, fundi mkuu. Walimwita hivyo kwa sababu aliweza kuinama juu ya injini inayounguruma, akafumba macho, akakwambia kinachoiumiza. Wenzake wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, walikuwa naye miaka sita, na hakuwahi kuwaambia anasikia nini. Sista alipomuuliza sababu, alijibu kwamba ujuzi ndiyo riziki yake, hagawi ovyo.

Alhamisi moja mkandarasi alikuja kuchukua pikapu yake. Injini ilishafungwa, naye kila dakika anatazama saa. Kwenye ubao, nafasi ya spana namba kumi ilikuwa tupu. Sista akautia ufunguo wa gari mfukoni mwake.

Masikio alisema spana moja si kitu, atanunua nyingine. Mkandarasi akapandisha sauti. Mwenye gereji akamvuta dada yake pembeni, akamkumbusha kuwa mteja huyu ana magari sita.

"Dada, mpe ufunguo. Unaniharibia kazi."

"Mdogo wangu, nilipokuwa mgeni kazini, daktari aliniuliza kama mikasi imetimia. Alikuwa na haraka. Nikamwambia imetimia, na sikuwa nimehesabu. Mgonjwa alirudishwa baada ya siku tisa. Hili gari halitoki."

Hilo hakuwahi kumsimulia mtu. Mdogo wake alimtazama, akageuka, akawaambia mafundi wafungue.

Walivua bamba la chini, wakamulika kila pembe. Saa nzima ikakatika. Mwishowe spana ikaonekana kwenye ovaroli ya Masikio mwenyewe: ilipenya mfuko uliotoboka, ikashuka, ikanasa kwenye pindo la mguu.

"Unaona?" Masikio aliiinua juu. "Umetuaibisha bure."

"Si bure. Muda ule hakuna aliyejua iko wapi, hata wewe uliyekuwa unatembea nayo."

Mkandarasi aliondoka na hakurudi tena, yeye na magari yake sita. Mwenye gereji hakumsemesha dada yake hadi Jumatatu. Sista hakuomba radhi. Jumatatu hiyo alikuja na sindano na uzi, akamvua Masikio ovaroli, akakaa kushona mfuko. Huku akishona alimwambia kwamba yeye injini hazijui, hawezi kumfundisha mtu. Anayejua ni Masikio, na kuanzia leo, kila gari litakalokuja na mlio, wenzake watasikiliza kwanza, kisha yeye atasema kwa sauti anachosikia.

Masikio akagoma.

"Siku utakayougua," Sista alisema, "gereji hii itakuwa kiziwi."

Masikio akamgeukia mwenye gereji, akitegemea atamwokoa. Mwenye gereji alikuwa anatazama ubao. Akasema fanya anavyokwambia.

Masikio alinuna siku mbili. Ya tatu akaanza, shingo upande: ukikata kona kushoto na mvumo ukazidi, beringi ya gurudumu la kulia ndiyo imekwisha. Akaeleza mara moja tu. Sista akamwambia arudie, polepole.

Mwezi wa pili ililetwa teksi inayovuma. Mwembamba aliizungusha mtaani, akarudi, akasema beringi ya mbele kulia. Masikio naye akaizungusha, akasema kushoto. Wakafungua pande zote mbili, kila mtu akiona. Ilikuwa ya kulia.

"Amebahatisha," Masikio alisema.

"Basi mfundishe asibahatishe," Sista alimjibu, bila hata kutabasamu.

Masikio alipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwita Mwembamba, akamwonyesha akae kiti cha dereva, naye akaingia upande wa abiria.