Mwaka Huu Pia Musa Haingii

Enzi zetu pale mtaa wa Observatory, Johannesburg, Jumamosi ilikuwa siku ya Musa. Tulipanga chumba cha nyuma uani kwa Bibi Roza, mjane wa Kiyahudi mwenye miguu iliyovimba na mbwa asiyebweka. Akirudi kutoka sinagogi alitandika kitambaa cheupe barazani, akatuita. Kulikuwa na mkate uliosukwa kama nywele, samaki wa siki aliyenikunja uso, na chai kutoka birika kubwa la umeme lililoachwa likichemka tangu Ijumaa, maana siku ya Sabato hakuwasha wala kuzima kitu.

Baba yangu, mlinzi kutoka Bukavu, aliyezoea umeme wa tokeni, wa kununua kidogokidogo, Jumamosi moja alilizima akidhani mama wa watu kasahau.

"Papa Neema," alisema Bibi Roza, asiyeruhusiwa hata kumwomba aliwashe tena, "leo tutakunywa maji. Maji nayo yana sifa zake."

Kisha alitusimulia fungu la Torati la wiki ile. Wayahudi wana fungu la kila wiki. Mwaka ukiisha, wanaanza upya. Yeye alisema Kiingereza, mimi nikamtafsiria baba. Kanisani kwetu nikiuliza swali nilifinywa. Kwa Bibi Roza, nikinyamaza ndipo aliponuna: "Unaumwa, mtoto? Leo huna ubishi?"

Fungu la mwisho lilimsumbua baba. Sanduku lake la kurudia Bukavu lilikaa chini ya kitanda, nguo zimepigwa pasi tayari, na katika fungu lile Musa anapanda mlimani, anaiona nchi aliyoahidiwa, anafia hapohapo.

"Na mwaka huu haingii?" aliuliza kila mwaka, kana kwamba huenda wamesahihisha.

"Mwaka huu pia, Papa Neema."

"Mon Dieu! Hamna huruma. Mzee kavumilia makelele yenu jangwani kote kule!"

Bibi Roza alicheka, na kabla baba hajanuna sawasawa akafungua mwanzo wa kitabu: Mungu, giza, maji.

Bibi Roza alichukuliwa na wanawe kwenda Australia, akazikwa huko. Baba tulimzika hapa Johannesburg. Sanduku lake liko juu ya kabati langu, nyumbani kwangu Midrand, nje kidogo ya jiji. Chuo kikuu kilinifundisha kutilia shaka kama Musa aliwahi kuishi; hakikunifundisha la kufanya na Jumamosi.

Nilipomuuliza mpwa wangu, mzaliwa wa hapa, kwa nini Musa alinyimwa, hakuinua hata macho. "Eish, Anti, uliza simu." Simu ikajibu papo hapo. Haikununa, haikucheka.

Wiki hii ni fungu lile. Nimechemsha chai, nimelisoma peke yangu mpaka mlimani, nikauliza kwa sauti: "Na mwaka huu haingii?"

Enzi zile Bibi Roza asingetuacha pale mlimani hata dakika moja. Leo nimekaa hapo mpaka chai imepoa.