Samaki Waliokataa Chakula Changu

Sijawahi kumbembeleza mtoto ale. Nasema mapema ili msomaji ajue amekaa na nani. Nilikuwa matroni wa shule ya bweni kwa zaidi ya miaka thelathini, na bwaloni kwangu hakuna aliyegoma kula akashinda. Mtoto akisema maharage yana wadudu, nilimwambia wadudu nao ni nyama, ale ashukuru. Akisukuma sahani, sawa, asile. Jioni sahani ile ile ilimrudia, chakula kimepoa, kimefanya ngozi juu. Kesho yake asubuhi ilimrudia tena, wenzake wakinywa uji wa moto. Sikumbuki mtoto aliyenifikisha siku ya tatu. Njaa ni mwalimu kunizidi mimi, tena haihitaji fimbo.

Mwanangu wa pekee nilimlea hivyo hivyo hapa Kijenge, baada ya baba yake kufariki. Ndizi za maziwa alizichukia, na alizila. Leo ni injinia, ana mwili, ana afya, na kwa miaka mingi nilikuwa nikimwonyesha kwa watu kama ushahidi.

Basi akaoa binti wa Kimeru kutoka Nkoaranga. Binti mpole, mwembamba, shikamoo yake mpaka uitegee sikio. Mimba ikiwa changa wakaja kwangu Jumapili mchana nami nikapika mtori, supu yetu ya ndizi, nyama nikaiweka ya kutosha. Harufu ikamshinda, akaomba radhi. Jioni nikamrudishia bakuli lile lile. Akala vijiko vinne, akatapika kwenye zulia langu, nami nikampa kitambaa afute mwenyewe. Mume wake alikuwa amekaa pale pale anatazama viatu vyake. Tangu siku hiyo yule binti hakulala kwangu hata siku moja.

Na hapo ndipo nilipokuwa na kidonda. Kwetu Uchagani mzazi hulelewa na mama mkwe. Akijifungua anakuja kwa mama wa mume, anapikiwa, anakandwa, na mtoto anaogeshwa na bibi yake mpaka miezi mitatu ipite. Chumba nilishakitenga. Beseni jipya la kumwogeshea mtoto nilishanunua, kubwa, la bluu, nikawaonyesha mwanangu na mkewe. Lakini mama yake mzazi wa Nkoaranga alikuwa hai, ana migomba na ng'ombe wa maziwa, na maneno ya pembeni yalianza kunifikia kwamba uzazi utalelewa huko. Nilimtaka mjukuu yule jamani, nilimtaka mpaka nikaona aibu. Sina mtoto mwingine wa kunizalia.

Sebuleni kwangu kulikuwa na tangi la samaki wa baharini, la kioo, refu kama kitanda cha mtoto. Mwanangu aliliweka kabla hajaoa, na nyumba aliyopanga na mkewe ilikuwa ndogo, kwa hiyo likabaki kwangu na yeye akawa anapita asubuhi na jioni kulihudumia. Maji yake hakuyachota bombani. Maji yetu ya Arusha yametupaka meno rangi ya chai, samaki hao yangewaua. Aliyachuja, akayatia chumvi ya dukani kwa kipimo, akayapima tena. Ndani waliishi samaki wanne wa madoadoa, urefu wa kidole, tuliowaita chui. Aliwaagiza pwani, na kabla ya hao wanne walimfia wengine wengi njiani na humu ndani. Chui hawali wakashiba wakapumzika. Mdomo wao ni mdogo mno, nao hushinda wakidonoa vijidudu vinavyoishi kwenye mawe, vidogo hata miwani yangu haivioni. Jioni hujifukia mchangani wakalala humo humo. Wakiogopa pia hujifukia.

Mimba ikiwa ya miezi saba, mwanangu akapata kazi ya wiki tano Mtwara. Mkewe akaenda kukaa kwa mama yake. Siku ya kuondoka mwanangu akanikalisha kwenye kochi.

"Mama, mke wangu anaogopa kuja kulelewa hapa," akasema. "Mimi nimemwambia umebadilika. Nimemwambia nakuachia hawa samaki, viumbe vya kudekezwa kuliko kichanga chochote. Nikirudi niwakute wazima, nitakuwa na la kumwambia."

"Na ukikuta mmoja amekufa?"

"Mmoja hufa tu, Mama. Usijali mmoja."

Akabandika karatasi kwenye friji. Uduvi wa kugandishwa, mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Usiguse mchanga. Usisafishe mawe hata yakiota kijani. Wakijifukia, waache, watatoka wenyewe.

Siku mbili nilifuata karatasi. Haki ya Mungu nilifuata. Siku ya tatu, nikiwa na bakuli la uduvi mkononi kwa mara ya tano, nilijisikia mjinga. Mara sita! Mgonjwa hospitalini halishwi mara sita. Kabatini kulikuwa na kopo la chakula kikavu cha vipande vipande, walichokuwa wakila samaki wengine wa zamani na wakanenepa. Nikawamwagia hicho. Chui mkubwa akaja, akachukua kipande, akakitema. Akachukua kingine, akatema tena, huku amenikodolea lile jicho lake. Mbele yangu! Nikacheka peke yangu sebuleni. Nikafunga friji. Nikawaambia, "Mtakula. Wakubwa zenu walikula."

Kesho yake hawakutoka mchangani. Saa moja ikapita, saa mbili, mchanga umetulia kama hakuna anayeishi humo. Mimi bwenini kwangu hakuna aliyelala kupita saa kumi na mbili. Nikachukua mwiko, nikauosha vizuri, nikafukua. Walichomoka mmoja mmoja kama wamechomwa moto, wakagonga kioo, wakazunguka wakitafuta pa kujificha. Nilifurahi, sidanganyi. Kuna raha fulani katika kumwamsha mvivu, na aliyewahi kuwa na ufunguo wa bweni anaijua. Nikawapa chakula kikavu. Wakatema. Nikafanya hivyo kila asubuhi kwa zaidi ya wiki.

Jumatano ya wiki ya pili ilikuwa zamu yangu kupokea akina mama wa jumuiya kwa sala. Wanawake kumi na kitu sebuleni, kila mmoja na macho yake, na lile tangi limeota ukijani kama bwawa la ng'ombe. Hapana. Watu waseme matroni mzima anaishi na uchafu? Nikatoa mawe yote, nikayatia kwenye beseni la mjukuu maana ndilo lililokuwa kubwa, nikayasugua kwa brashi na maji ya bomba mpaka yakawa meupe. Maji ya beseni yalijaa vitu vidogo vinavyorukaruka. Nikayamwaga kwenye maua.

Akina mama waliposhika kahawa wakalisogelea tangi. Mmoja, anayeuza mitumba hapo chini, akainama akatazama sana.

"Dada, hawa mbona wamebonyea tumbo? Wanakula kweli?"

"Wako shuleni," nikasema. Wakacheka wote.

Yeye hakucheka. Akasema, "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," kisha akarudi kukaa. Nikamjibu kwamba wenye njaa wa kweli wako mtaani kwake, aende akawahubirie hao. Tukaimba pambio la mwisho bila sauti yake.

Ijumaa mmoja alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga. Nilimtoa kwa chujio la chai nikamtupa pamoja na maganda ya ndizi. Mmoja hufa tu, si alisema mwenyewe? Jumatatu wa pili nilimkuta sakafuni nyuma ya kochi, ameruka nje, amekauka na kushika vumbi. Jioni ile mwanangu akapiga simu ya video.

"Nionyeshe chui, Mama."

Nikasogeza simu kwenye kioo upande wenye mwanga mkali, ambako havionekani vizuri vitu vya ndani. "Wawili hao. Wengine wameshalala."

"Wanakula?"

"Kama wana mashindano."

Akashukuru. Sauti yake ilikuwa ya furaha kweli, akaniambia atampigia mkewe usiku huo huo. Mimi nilikata simu nikaenda kupika. Uongo haukunisumbua hata kidogo, kwa sababu nilijua bado zaidi ya wiki mbili, na hao wawili wangenyooka tu. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nakunja.

Alhamisi yake mkwe akaja mwenyewe, bila kupiga simu. Mama yake alimtuma aniletee maziwa na mkungu wa ndizi. Tumbo limeshuka, miguu imevimba, amepanda bodaboda na mzigo ule. Akanisalimia, akaweka mkungu jikoni, kisha akaenda kwenye tangi akashika kioo kwa mikono miwili. Chui waliobaki walikuwa wanaelea kwenye kona moja. Kichwa kilikuwa kimewazidi mwili. Mmoja mdomo ulikuwa umechanika, nadhani ni mwiko.

"Mama, wana njaa."

"Chakula wanacho. Hawataki."

"Naomba niwape uduvi kidogo tu. Kidogo, Mama. Mimi nitawapa."

"Nyumba hii ina mwenye kulisha," nikamwambia. Naye akabaki amesimama pale, machozi yanamtoka bila kelele, kwa ajili ya samaki! Nikapandwa na hasira. "Hivyo ndivyo utakavyomlea mjukuu wangu? Akilia, unalia? Ukija hapa utafundishwa. Wewe na yeye mtafundishwa pamoja."

Akageuka akanitazama. Kisha akaangalia lile beseni la bluu lililokuwa chini kando ya ukuta, na brashi ndani yake, na ukijani uliokaukia pembeni. Akauliza, "Hilo si ndilo ulilotuonyesha?" Akafuta uso kwa khanga, akaniaga vizuri, kwa heshima zote, akaondoka taratibu kwa mkono kiunoni.

Alipofunga geti nikaogopa. Si kwa ajili ya samaki, nisijipambe. Nilijua ameona, na nilijua atasema. Nikakimbilia friji, nikatoa uduvi, nikauyeyusha kwenye kiganja kwa joto la mkono wangu maana sikuweza kusubiri. Nikawamwagia. Yule mzima akavuta kipande kimoja, akakiachia. Yule wa mdomo uliochanika aliufuata uduvi kwa macho, akafungua mdomo, haukufunga. Nikapiga magoti kwenye zulia langu mwenyewe. "Kula mama," nikasema. "Kula kidogo. Kamoja tu, kwa ajili yangu." Sikuitambua sauti ile. Nilikaa hapo mpaka magoti yakafa ganzi, na kila baada ya saa moja niliyeyusha mwingine. Uduvi ukaozea chini. Kesho yake yule mzima akafa, akabaki wa mdomo.

Mwanangu hakungoja wiki tano. Alirudi Jumamosi ile mchana, amevaa viatu vya kazi, vumbi la Mtwara mwilini. Alinisalimia. Akatazama tangi lililoonekana tupu, akakunja shati, akaingiza mkono mchangani polepole, kidole kwa kidole, kama anayetafuta pete. Akamkuta. Akamtoa amemkinga kwenye kiganja na maji kidogo. Yule samaki alikuwa hai, mashavu yanapanda na kushuka. Mwanangu akamtazama mdomo, akamgeuza tumbo, kisha akamweka juu ya meza na kumbonyeza kichwa kwa kidole gumba mpaka kikalia tap.

"Alikuwa hai!" nikapiga kelele.

"Alikuwa anateseka, Mama." Akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu sana, kwa sabuni, amenipa mgongo. Kisha akauliza, "Walipokataa kula uliwaza nini?"

"Kwamba watakula."

"Na walipoanza kufa?"

Ningeweza kudanganya. Simu ile nilidanganya bila shida. Lakini alikuwa mwanangu, amesimama jikoni kwangu mikono inadondoka maji, nikamwambia kweli. "Kwamba wengine wangejifunza."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mtu aliyeletewa jibu la daktari alilokuwa ameshalijua. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alikausha tangi siku ile ile, akalibeba kwenye pikapu na pampu zake zote, na pale lilipokuwa ukutani pamebaki alama ya unyevu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Nilipika mtori, nikaufunga kwenye hotpoti, nikaenda Nkoaranga. Njia ile ni mlima mtupu na mimi magoti yangu si mazuri tena. Mama wa mkwe wangu alinipokea kwa mikono miwili, akaniita dada, akanitolea kiti cha mto. Mzazi alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa; sikuwahi kumwona hivyo. Hotpoti yangu waliishukuru wakaipeleka jikoni, na wakamletea mzazi bakuli la kwao. Nikaomba nimshike mtoto. Wakanipa. Alikuwa mzito, analala, anachezesha midomo. Alipoanza kulia, kabla sijamtikisa hata mara moja, mikono miwili ilikuwa imeshafika. "Umetembea sana, Mama," mkwe akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Pumzika."

Mwanangu akanisindikiza mpaka barabarani, amenishika mkono kwenye mteremko nisianguke. Tulipofika akanisimamishia bodaboda, akaongea na dereva anipeleke polepole. Ndipo akasema, "Mama, usije tena mpaka nikuite."

Nilimwambia sawa. Hiyo ni zaidi ya mwaka sasa, na sijaitwa. Najua mtoto anatembea, najua ana meno sita, naambiwa na yule muuza mitumba anayepanda huko kununua ndizi. Desturi hawakuivunja: mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa baba, na wakampa, liko kwenye cheti cha ubatizo. Nilimuuliza huyo muuza mitumba siku moja kama mtoto analiitikia jina langu. Akapangapanga nguo zake kwanza, kisha akaniambia ukweli, kwamba pale nyumbani hakuna anayelitumia.