Mpira wa Kwenda na Mpira wa Kurudi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ufundi wangu, mwanangu, ni ile trekta la bonde la mpunga la Cheju lilipopasukiwa na mpira wa usukani. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, nami fundi mchanga. Nikikosea jambo hapa unisamehe. Mie sikusoma sana, na kichwa kinasahau.

Trekta lile kongwe usukani wake ulisaidiwa na mafuta. Mpira mmoja huyapeleka kwa nguvu kutoka kwenye pampu, mwengine huyarudisha polepole tangini. Mafundi huiita wa kwenda na wa kurudi. Leo najua. Siku ile sikujua.

Fundi Makame, aliyenifundisha kazi, alikuwa kitandani na homa. Nikaufungua mpira uliopasuka, ule wa kwenda, nikauacha pale pale chini. Niliona haya kuingia mjini na kitu kinachochuruzika mafuta. Nikashika njia mpaka Mlandege, kwenye maduka ya mjini, nikaomba mpira wa usukani wa trekta.

Muuza vipuri akaniuliza, "Wa kwenda au wa kurudi?"

Watu wa mjini hupenda kututania sisi wa shamba. Nikadhani ananichezea.

"Wa kurudi! Nnakwenda na kurudi leo leo."

"Una hakika, ndugu yangu?"

"Nshasema."

Akanipa. Nisimdhulumu: aliniuliza mara mbili.

Mpira ule ulikuwa laini, tena hauna nati kama ule uliopasuka. Badala ya kushtuka, nikaukaza kwa klipu. Nikatia mafuta, nikawasha, nikageuza usukani kidogo, hapavuji. Nikaingia bondeni kumlimia Bi Mwanaidi, mjane ambaye miche yake ya mpunga ilikuwa kitaluni inangoja shamba tu. Kwenye kona nikakata usukani mpaka mwisho. Mpira ukachomoka, mafuta yakaruka, usukani ukawa mzito kama umetiwa saruji. Kabla sijashika breki, trekta likaingia kitaluni, likaiponda miche.

Fundi Makame akaja hivyo hivyo, shuka mabegani. Akautazama mpira.

"Muuzaji hakukuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Wa kurudi."

"Haya, sasa rudi. Rudi kwa Bi Mwanaidi ukamwambie hayo hayo."

Nilimwambia yote, sikupunguza neno.

"Samahani yako nshaipokea, mwanangu," akasema Bi Mwanaidi. "Lakini samahani haipandwi ikaota."

Fundi akafunga mpira wenyewe, wenye nati. Mie nikazunguka kwa majirani kuomba miche iliyosalia, nikaipandikiza kwa mkono wangu. Haikutosha. Msimu ule Bi Mwanaidi alivuna nusu ya shamba lake; nusu nyengine iliota magugu, na kila nikipita nikiyaona.

Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mie naongeza kidogo, kama naruhusiwa: nawe ukiulizwa usilolijua, sema sijui. Neno lenyewe jepesi, aibu ndiyo inayolitia uzito. Na aibu hiyo mara nyingi hulipwa na mtu mwengine, ambaye hata dukani hakuwepo. Kitu kibovu kichukue mkononi, hata kikikuchafua nguo, ukionyeshe, uulize kazi yake nini. Na kipya kikikataa kukaa mahali pake, usikilazimishe.

Mungu akupe ulimi usioona haya kuuliza, mwanangu, na mikono isiyomharibia mtu riziki yake. Amin.