Chupa ya Buluu

Kwenye meza ya hoteli wameweka ua katika chupa ya buluu. Nimeishika tu, na puani ikanijia harufu ya udongo wa viazi.

Utotoni mwangu, tulikuwa tukichimba viazi kijijini kwetu Kibirichia, kwenye shamba lililokuwa la mzungu zamani. Jembe la mama lilifukua chupa kama hii, kizibo kimekaza, kitu cheusi kikicheza ndani.

"Huu ni uchawi tumezikiwa," baba alisema. "Sasa najua nani anamaliza ng'ombe wangu."

Alienda moja kwa moja kwa shangazi, dada yake aliyerudi nyumbani baada ya kuachika, akampiga kwa mpini wa jembe.

"Mimi hata sijui hiyo ni nini!" shangazi alilia, akikinga uso. Mkono wake ulivunjika kwa mlio wa bua kavu la mahindi. Jioni hiyo alihama, na hakurudi tena.

Msimu uliofuata, palepale, tulifikia shimo la taka la yule mzungu. Chupa za buluu zilikuwa zimelaliana humo kama viazi kwenye gunia. Baba alizitazama, kisha akaanza kuzifukia haraka haraka.

Mama aliegemea jembe lake. "Na mkono wa dada yako," akamuuliza, "utaufukia wapi?"