Noti za Ng'ombe wa Babu

Mjomba wangu, aliyeishi upande wa Uganda, aliuza ng'ombe walioachwa na babu, akampa mama fungu lake kwa noti za kule. Mama alizileta Eldoret ndani ya mto wa kulalia. Alikuwa mjane, tulikuwa tumepanga chumba kimoja, na mzee mmoja wa Kiplombe, nje ya mji, alikuwa amekubali kumuuzia ploti ya kujenga. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzibadilisha tu.

Hakuzibadilisha. Wabadilishaji wa mpakani walimtajia bei iliyompandisha hasira. "Nimetumia shilingi moja na watu wa Tororo tangu nizaliwe, leo mnaniambia yao ni takataka?" Sisi wazaliwa wa mpakani hatukuamini kwamba nchi zetu zimeachana kabisa. Tulivuka kuzika, tulivuka kuoa, na wakubwa, tulisema, watapatana, shilingi iwe moja tena kama zamani.

Nilikuwa Form Five. Mwalimu wa uchumi alitufundisha kwamba nchi za Ulaya zinazungumzia kutumia sarafu moja, akaandika ubaoni jinsi ya kupima kama nchi iko tayari: bei zisipande ovyo, serikali isikope kupita kiasi. Nilipomsimulia mama, aliacha kuchambua maharagwe.

"Hao Wazungu si ndio walipigana mpaka wakachukua wazee wetu kwa vita yao?"

"Ni hao, Mama."

"Na sasa wanataka pesa moja! Basi sisi ndugu tutashindwaje? Tungoje tu."

Nikaanza kumweleza yale ya ubaoni. "Hayo ni ya shule," akanikata.

Akangoja. Mzee wa Kiplombe naye akangoja, mpaka akaanza kutupita njiani bila salamu. Kisha Uganda ikatoa noti mpya. Redio hatukuwa nayo; tulisikia kanisani, na mama alipofika mpakani muda wa kubadilisha za zamani ulikuwa umekwisha. Alirudi akaketi kitandani na viatu vyake miguuni, hata uji hakuugusa. Nilitamani alie. Hakulia, nikalia mimi, maana sikuona mlango wowote uliobaki wazi kwetu. Ploti ikachukuliwa na mtu mwingine, akajenga, akapanda mahindi.

Mahindi hayo yalikuwa yamefika kifuani mjomba alipotutembelea, akiamini kwamba zile noti zilikwisha kuwa ploti.

"Afadhali wewe, dada, ulinunua shamba mapema. Mimi zangu zilikatwa walipobadilisha noti, mpaka zikaisha. Nionyeshe basi, roho yangu itulie."

Nilidhani mama atamwambia ukweli. Badala yake alijifunga leso, akatutangulia mpaka Kiplombe, akasimama kando ya mahindi yale.

"Ni hapa," akasema.

Mjomba alivua kofia, akapiga magoti, akaanza kuiombea ardhi ile, akimshukuru Mungu kwamba jasho la babu halikupotea. Aliomba kwa muda mrefu. Mama aliitikia amina kila mara, macho yake yakiwa kwenye mlango wa ile nyumba, mwenyewe asije akatoka.