Nilikula chokaa ya ng'ombe ili niweze kuinuka kanisani

Wakuu, Bwana asifiwe, na kwa ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazituma. Marahaba.

Haya ni kweli tupu. Mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kupamba sina nafasi.

Mimi ni mzee wa kanisa huku Kirua Vunjo. Nina migomba, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja wa maziwa anayeitwa Malkia. Nina pia magoti mawili mabovu.

Pasaka iliyopita nilipiga magoti wakati wa chakula cha Bwana. Kushuka nilishuka vizuri. Kuinuka ikashindikana, wazee wenzangu wawili wakaja kuninyanyua kama gunia la mahindi.

Na mbele yetu kulikuwa na jubilei yetu ya ndoa, miaka hamsini. Siku hiyo mnapiga magoti mbele ya kanisa zima, mnabarikiwa, mnainuka. Watoto na wajukuu wote wanatazama. Nikaweka nadhiri moyoni: nitainuka bila kunyanyuliwa na mtu.

Kabla ya siku hiyo Malkia akazaa. Kesho yake akalala chini, hanyanyuki, masikio ya baridi. Tukamwita bwana mifugo, akamtundikia chupa ya kalsiamu.

Haikupita nusu saa, wakuu. Ng'ombe akasimama, akajikung'uta, akaanza kula majani kana kwamba wagonjwa tulikuwa sisi.

Nikamuuliza bwana mifugo, "Alikuwa na nini?"

"Kalsiamu ilishuka, mzee. Ikishuka hivyo hawezi kusimama."

Aliendelea kueleza, lakini mimi sikusikia tena. Nilikuwa tayari namshukuru Mungu kwa kunionyesha njia.

Bandani tuna ndoo ya chokaa ya mifugo, ule unga mweupe wa kuchanganya kwenye pumba. Nikaanza kimya kimya: vijiko viwili vikubwa kwenye kikombe cha maziwa, asubuhi na jioni. Ladha yake ni kama kulamba ukuta wa shule. Nikavumilia.

Mke wangu akaona ndoo inapungua. Nikamsikia bandani akigomba, "Malkia, hii chokaa unakula au unauza?"

Malkia alinitazama mimi. Sitasahau yale macho.

Wiki ya tatu mambo yakaharibika. Kiu ya ajabu, na nikinywa maji yanataka kutoka papo hapo. Jumapili nilitoka nje mara nne wakati wa mahubiri, watu wakadhani nayapinga.

Choo kikubwa, kwa upande mwingine, kilifunga kabisa. Hapo sitaeleza zaidi, mama anasoma.

Kisha nikaanza kusahau. Niliposimama kusoma matangazo nikatangaza ndoa ya kijana mmoja, nikageuza karatasi, nikaitangaza tena. Mchungaji akaninong'oneza, "Mzee, anaoa mara moja tu."

Binti yetu anayekaa Shirimatunda alipopata habari akatupeleka hospitali mjini. Damu ikapimwa. Daktari, binti mdogo mwenye heshima, akaja na majibu.

"Shikamoo babu. Kalsiamu yako iko juu sana, na figo zimeanza kulalamika. Unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa."

Mke wangu akanigeukia. "Baba Aikande. Wewe ni mzee wa kanisa."

Nikainamisha kichwa. "Nakula chokaa."

"Ya kupaka ukuta?" daktari akauliza.

"Hapana. Ya ng'ombe."

Nikaeleza yote, hadi Malkia alivyosimama. Daktari akaweka kalamu chini. "Babu, ng'ombe kalsiamu yake ilikwenda kwenye maziwa. Wewe nani amekukamua?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika kitanda. Nikalazwa, nikatundikiwa dripu ya maji ili kalsiamu ishuke. Akatazama ile chupa akasema, "Sasa mmefanana."

Magoti? Yamechakaa kwa umri tu, daktari alisema. Chokaa wala maziwa havikuhusika.

Nilitoka siku chache kabla ya jubilei. Mchungaji alikuwa amesikia habari (huku kwetu nani hakusikia?), akatuwekea viti viwili. Tukabarikiwa tumekaa.

Akasema, "Inukeni." Kumbe vile viti ni vya chini. Nikajaribu mara moja. Nikajaribu tena.

Kutoka benchi la nyuma bwana mifugo akauliza, "Mzee, nilete chupa?"

Kanisa zima liliangua kicheko, mchungaji akiwemo. Mke wangu, machozi ya kicheko yakimtoka, alisimama, akanishika mkono na kuvuta. Nikainuka.

Nadhiri yangu ilivunjika pale pale. Akaniinamia sikioni: "Miaka hamsini niko pembeni yako, na wewe unakwenda kuiga ng'ombe."

Sikuuachia ule mkono hadi tulipotoka nje.

Wakuu, mwili ukisumbua nendeni mkapimwe kwanza. Kilichomwinua mwenzako kinaweza kukulaza wewe, hasa kama mwenzako ana kwato. Na mkono ulio karibu ushikeni, si aibu.

Malkia hajambo. Ndoo ya chokaa sasa ina kufuli.

Kama kuna mwingine humu aliyewahi kula kisichomhusu, ajitokeze hapa chini. Mama anasema haiwezekani niwe peke yangu Tanzania nzima.