Pacha wa Miguu

Kazi yake kiwandani ilikuwa kupanga viatu kwenye maboksi. Mkanda mmoja ulimletea vya kushoto, mwingine vya kulia, naye anaokota kimoja huku na kimoja kule, anavigeuza kuangalia saizi kwenye soli, kisha anavilaza mzungu wa nne ndani ya boksi kama watoto wanaogawana kitanda. Siku nzima anaoanisha. Na yeye mwenyewe, jamani, tangu azaliwe hajawahi kuvaa viatu viwili vikamkaa.

Mguu wake wa kulia ulivaa arobaini, wa kushoto thelathini na nane. Kazaliwa hivyo, basi. Utotoni mama yake alimjazia vitambaa kwenye kiatu cha kushoto. Alipokua akahamia kwenye gazeti. Mvua ikinyesha gazeti linageuka uji, jua likiwaka linakauka na kumchubua vidole. Wenzake wakambatiza Bi Gazeti. Alicheka nao, tena kwa sauti, lakini jina lile lilimchoma kila lilipoitwa. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, atembee japo siku moja bila karatasi kiatuni.

"Si uchukue tu kimoja huku kimoja kule?" mdogo wake wa kike alimwambia siku moja. Waliishi pamoja, vyumba viwili nyuma ya duka la vyombo, na mdogo mtu mdomo wake haukuwa na breki. "Maboksi yote yanapita mikononi mwako. Nani atajua?"

"Atajua atakayefungua boksi litakalobaki. Atakuta kushoto arobaini, kulia thelathini na nane. Atavaaje?"

"Labda yupo ambaye vitamkaa."

Mdogo mtu alisema kwa utani, akaendelea kukwangua sufuria yake. Lakini neno lile lilimwingia dada yake likakaa. Tangu hapo, mkanda ukinguruma na harufu ya gundi ikimlegeza kichwa, akawa anamwona mtu wa kinyume chake. Pacha wa miguu. Alimvisha gauni jekundu. Alimpa nyumba yenye ngazi, akawa anamsikia akizipanda, mguu wa kulia ukiburuta kidogo kama wake wa kushoto unavyoburuta. Mara nyingine walitembea wote wawili kwenye barabara ndefu, safi, imelowa manyunyu, wala hawasemezani. Kisha msimamizi anagonga meza.

"Bi Gazeti! Umeenda wapi tena?"

"Nipo," anajibu. Hakuwepo hata kidogo.

Basi siku moja msimamizi akabandika tangazo karibu na bomba la maji. Kampuni inafikiria kutengeneza viatu vya miguu isiyolingana, kila mguu saizi yake. Ila kwanza wanaovitaka wachange mtandaoni, walipie kabla havijashonwa. Michango ikitimia, viatu vitatengenezwa. Isipotimia, kila mtu atarudishiwa chake. Bi Gazeti alisoma mpaka chai ikampoa mkononi. Jioni akamweleza mdogo wake, na macho yanamng'aa.

"Makubwa haya!" mdogo mtu akashika kiuno. "Kampuni yenye ghorofa, yenye malori, mkurugenzi anabadilisha magari kama soksi, leo inapitisha bakuli? Tena kwako, mfanyakazi wake? Wakipata faida watakugawia?"

"Hawatanigawia."

"Wakikosea mshono?"

"Nitakuwa nimekula hasara nao."

"Sasa?"

"Wameuliza," akasema Bi Gazeti. "Umri wote huu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza miguu yangu inataka nini."

Mdogo mtu akaachia kiuno, akamsogezea kiti. Na tuseme ukweli, hoja alikuwa nayo. Kampuni ile haikukosa ngozi wala gundi ya kujaribia. Ilichokosa ni moyo, na ikaona hofu yake ibebwe na watu wanaojaza magazeti viatuni. Lakini utamwambia nini mtu aliyeulizwa kwa mara ya kwanza? Alichanga.

Wiki zilizofuata, kila mapumziko ya chai alikuwa kwenye ukurasa wa mchango. Watu walikuwa wanaandika pale chini. Kulikuwa na aliyepooza mguu mmoja ukanywea, na bwana mwenye mguu mmoja aliyechoka kununua kiatu cha kutupa. Kulikuwa na mama wa mtoto anayekataa kwenda kucheza na wenzake. Bi Gazeti alisoma yote. Kumbe walikuwa wengi! Naye akaandika: "Mimi kushoto thelathini na nane, kulia arobaini. Namtafuta wa kinyume." Akaona aibu, karibu afute.

Michango haikutimia. Kampuni ikatoa maneno matamu ya shukrani, kwamba imejifunza mengi, kwamba imeonekana wahitaji bado ni wachache, na ukurasa utafungwa jioni ya siku hiyo. Wachache! Bi Gazeti alienda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kwenye mkanda. Mchana ule barabara yake ya ndotoni haikuja. Aliviona viatu tu, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na alivichukia.

Kabla ya kengele ya kutoka alifungua ukurasa mara ya mwisho, kuwaaga watu asiowajua. Chini ya maneno yake kulikuwa na mstari mpya: "Kushoto arobaini. Kulia thelathini na nane. Nipigie kabla hawajafunga." Na namba. Akaipiga palepale, simu zimekatazwa kwenye mkanda, na msimamizi anamwangalia.

"Haloo?" Sauti nzito, ya kiume, na nyuma yake mashine ya kunyolea inavuma. "Ndiye wewe wa kinyume changu?"

Bi Gazeti akapiga kicheko kikubwa mpaka msimamizi akaacha kukasirika. Miaka yote kamvisha gauni jekundu, kumbe pacha wake ana ndevu!

Walikutana Jumapili nje ya duka la viatu. Mwenye sauti ile alikuwa kinyozi, mtu wa makamo, mfupi, mnene, na mguu wake wa kulia uliburuta vilevile Bi Gazeti alivyousikia kwenye ngazi za ndotoni. Ndani ya duka hawakuafikiana haraka. Bi Gazeti alikuwa na macho kwenye vyekundu vyenye visigino.

"Dada yangu," kinyozi akamwambia taratibu, "nitakufuata kote utakako, ila hapo tutaachana."

Wakachukua vya kahawia vya kamba, maboksi mawili, thelathini na nane na arobaini, vya kiwanda chake mwenyewe. Huenda ndiye aliyevipanga. Walitoka nje kwenye benchi lenye maji ya mvua, wakakaa ukingoni, wakaweka maboksi katikati, na hapo mikono ya Bi Gazeti ikakataa. Kazi yake maisha yote ilikuwa kutoviacha viatu vipotezane. Akavishika, akavirudisha, akavishika tena.

"Nikusaidie?" kinyozi akauliza.

"Hapana. Niache nivitenganishe mimi."

Alimpa cha kushoto kikubwa na cha kulia kidogo. Vilivyobaki akavivaa yeye. Akafunga kamba, akasimama. Kiatu cha kushoto kilimshika mguu pande zote, kwa upole, kama mkono wa mama yake. Akapiga hatua, akangoja mguu uburute. Haukuburuta. Akaenda mpaka kona ya barabara iliyolowa mvua ya asubuhi, akarudi, na kinyozi yuko ubavuni mwake, naye hasemi kitu, machozi yanamwingia kwenye ndevu.

Walipochoka wakarudi kukaa, na benchi likawa bado na maji. Bi Gazeti akafungua mkoba. Alikuwa amebeba gazeti, kwa mazoea tu, alilolikunja asubuhi kwa ajili ya mguu wa kushoto. Akalikunjua lote, akalitandika, wakakaa juu yake wote wawili.